Niliziba paipu ya mvuke ya booster ya kuni, nikachochea moto mama mkwe na mtoto wakiwa nyuma ya ukuta

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinikuta mimi mwenyewe hapa Malaba mwezi uliopita na sijaongeza chumvi. Natamani yangekuwa ya kutunga.

Nyumbani natumia booster ya kuni. Kwa wasioijua, ni tangi la chuma lililojengewa nje ya ukuta wa bafu. Unawasha kuni chini, maji moto yanaingia ndani kwa bomba. Maji baridi yana valvu ya kuingilia tu, hayarudi nyuma.

Halafu kuna paipu nyembamba inayopanda hadi juu ya paa. Hiyo huachwa wazi ili tangi lipumue.

Sasa mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Mama yake akaja kutoka Marachi kumsaidia kuogesha mtoto.

Mnajua mambo ya wakwe huku kwetu. Mimi na yule mama hatushikani mikono wala hatukai meza moja. Akiwa na neno, analipitishia kwa mke wangu, nami najibu hivyo hivyo. Na nyumba yenyewe ni vyumba viwili, hebu fikirieni.

Ile paipu ya juu ikawa inatema maji kwenye kamba ya nguo. Nepi zimekauka, zinalowa upya. Mama akamnong'oneza binti yake, naye akanifikishia.

Mimi nikataka kuonekana mkwe wa maana. Nikapanda ngazi, nikaifunga ile paipu kwa kifuniko cha chuma, nikakaza na spana. Nilishuka najisifu.

Mafundi mlio humu najua mshashika kichwa.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na baridi ya mvua, nikawasha kuni. Mama akaingia bafuni na mtoto na beseni. Haikuchukua muda booster ikaanza kugonga, go, go, go, kama mtu aliyefungiwa ndani.

Mke wangu akaniita kutoka kitandani. Eti mama anasema bomba la bafuni linatema mvuke, amelifunga.

Nikadhani ni hewa imeingia kwenye paipu. Nikakagua valvu ya maji baridi, iko wazi. Nikachungulia tangi la juu linaloleta maji baridi, maji yapo. Kwa akili zangu nikaona moto ndio mdogo, hausukumi maji. Nikaongeza kuni.

Kugonga kukazidi. Mke wangu akaita tena kwamba mama anauliza kama hiyo kitu iko sawa. Nikajibu iko sawa kabisa, asiwe na wasiwasi.

Wakuu, nilidanganya. Sikujua kama iko sawa. Niliona tu aibu kumwambia mkwe kwamba sijui, hata kwa kupitia mtu mwingine.

Nimeinama na gogo lingine mkononi, mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe, kichwa wazi bila kitambaa, mtoto kifuani amefunikwa taulo. Akanishika mkono. Hajawahi kunigusa tangu nimuoe binti yake.

"Weka hiyo kuni chini. Toa moto yote. Nilisema hii kitu itapasuka."

Nikavuta makaa yote kwa jembe hadi kwenye matope. Yeye akamtoa mke wangu, anatembea ameshika kidonda, tukaenda kusimama barabarani. Kutoka pale tulisikia tangi likigonga, na kila nilipodhani limenyamaza likagonga tena. Mtoto wetu Neema alikuwa na siku tisa.

Fundi alitoka Adungosi, akangoja lipoe kabisa ndipo akafungua kile kifuniko. Kisha akanionyesha mshono wa tangi umetuna, upande wa bafu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama huyo ni mtoto wangu wa kwanza.

Nilipomuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia mapema, akalia. Kumbe mama alisema tangu mwanzo kwamba itapasuka. Amepika shule ya bweni yenye matangi kama hayo miaka mingi, anaijua ile sauti. Mke wangu akaona si heshima kuniletea neno la mama yake likiwa kali vile, akalilainisha likawa swali. Nami nikalijibu kwa heshima, huku naongeza kuni.

Jioni mambo yakarudi kama kawaida, mama jikoni, mimi sebuleni, pazia katikati. Nikasikia akimwambia mke wangu aniulize kama kile kifuniko kimetupwa. Kabla mke wangu hajafungua mdomo, nikamjibu mwenyewe.

"Nimetupa, mama. Asante."

Mama akanijibu mwenyewe kutoka nyuma ya pazia.

"Haya, Baba Neema."

Somo nililopata ni hili. Ile paipu ya juu haizibwi hata ikitema maji mwaka mzima, muite fundi. Booster ikianza kugonga, toa moto, toa watu, usijifanye mjuzi.

Wenye booster nendeni mkaangalie zenu sasa hivi, halafu mrudi mniambie mmekuta nini. Na mnaoishi na wakwe, neno la hatari kwenu linapita vipi?

Mkitaka kunikemea pia sawa, ila nikemeeni moja kwa moja. Msilainishe.