Siku Niliyompaka Unga Marehemu

Nyie, mkasa huu nikiusimulia bado natamani kujifunika kanga usoni, lakini ngoja niuseme wote.

Miaka ya tisini hapo Mpanda mwanamke mwenye kamera ya video nilikuwa mimi peke yangu (au ndivyo nilivyojitangazia), harusi mimi, kipaimara mimi, mpaka wakaniita Mama Video na kichwa kikanivimba. Basi akaja Bibi Skolastika, mjane kutoka Mpimbwe, na mkebe wenye filamu ya harusi yake, aliyoipiga zamani padri mmoja wa misheni.

"Mwanangu, sura ya marehemu mume wangu imebaki humu tu, wajukuu hawaijui. Nitilie kwenye kaseti."

Nikaazima projekta ya parokia, nikatundika shuka jeupe ukumbini, nikaziba madirisha kwa mablanketi, filamu ikawa inaonekana kwenye shuka na kamera yangu inairekodi. Sasa kupima mwanga, kamera ile ungeweza kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono au kuiachia ijipimie yenyewe. Nikaiachia, nikaenda kunywa chai! Na kaseti sikuitazama (niitazame ya nini, fundi mimi?).

Jumapili baada ya misa ukoo mzima ukajaa ukumbini, wengine wametoka Kabungu kwa baiskeli, nami nimevaa kitenge kipya, nikawasha televisheni kwa madaha. Lo! Kumbe kamera iliona giza pembeni mwa picha ikadhani pote ni giza, ikafungua jicho lote, nyuso zikaungua zikawa nyeupe pee, hakuna pua wala macho.

"Huyu ni babu au mzungu?" akauliza mjukuu mmoja, ukumbi ukaangua kicheko.

Bibi hakucheka. Akanigeukia taratibu: "Mwanangu, mume wangu umempaka unga?"

Miguu iliniambia kimbia, lakini nikaona macho yake yamelowa, nikasema hapana, siondoki. Nikarudisha mablanketi madirishani, nikawasha tena projekta filamu itokee kwenye shuka, nikaunga kamera kwenye televisheni, nikamketisha Bibi mbele yake, nikaanza kupunguza mwanga kwa mkono, kidogo kidogo, jasho linanitiririka na watu wote wananitazama.

"Bado," anasema Bibi. "Bado. Sasa umemtia giza mno, rudi. Hapo! Usiguse tena! Ndiye huyo, na mwanya wake!"

Watu wote wakasogea kuona. Kijana mwembamba aliyevaa koti la kuazima anacheka na bibi harusi wake, kope unaziona, nami papo hapo nikaanza kurekodi upya.

"Njooni mumwamkie babu yenu," Bibi akasema, na wajukuu wakapita mmoja mmoja mbele ya televisheni, "Shikamoo babu," naye anawaitikia kwa niaba yake, "Marahaba."

Nimepiga harusi nyingi tangu hapo, ila kazi ninayojivunia ni ile. Na nimeapa, mwanga wa uso wa mtu siiachii tena mashine ipime, namwita kwanza aliyempenda.