Mikungu ya Mzee Anatoli

Mzee Anatoli wa Ilagala alikwea michikichi tangu ujana wake, na mawese yake ndiyo yaliyosomesha wanawe. Siku hizi hakwei. Amemwajiri kijana anayeitwa Bariki, na yeye hubaki chini akifukuza watu. Nikipita kwenda shule ananizungusha mbali mpaka nalowa umande kwenye mihogo ya watu.

Jumamosi moja nilisimama nione kazi yenyewe ya kukata mikungu ya chikichi. Bariki alishika panga huko juu, akaita, "Mzee, uko mbali?"

Mzee hakujibu. Alitembea taratibu hadi uwazini, akasimama pale Bariki anapoweza kumwona.

"Ah, Mzee, kila mkungu matembezi! Si ujibu tu? Jua linanichoma huku!"

"Hata Selina alijibu," Mzee akasema.

Selina alikuwa mkewe. Mama alishanisimulia. Siku ile Anatoli aliita kutoka juu kama kawaida, na Selina akajibu akicheka, "Niko mbali, Baba Walter, kata!" Anatoli akakata. Kumbe Selina alikuwa amekumbuka kanga yake chini ya mti, akairudia. Mkungu mzito kama ndoo iliyojaa maji ulimwangukia shingoni. Hakufika hospitali.

Hakuna aliyemlaumu Anatoli, hata wakwe zake. Ila hakukwea tena.

Bariki aliinama akitazama chini huku na huku, akaniona nimesogea karibu na mti.

"We Yunisi, hebu nenda kwa Mzee!"

Nilikwenda. Mzee alinishika mkono akaukaza, na hakuuachia mpaka mkungu ulipotua.