Fomu Yangu ya Sababu za Kuchelewa

Nilipomaliza chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilijua nadharia nyingi za mawasiliano baina ya mwajiri na mwajiriwa. Namna ya kumsalimia mwajiri ndiyo sikuijua. Kila asubuhi nilisimama mlangoni pa ofisi yake nikipima: nikisema "bonjour" kwa sauti atadhani najipendekeza, nikinong'ona atadhani nina kosa. Mara nyingi alinipita nikiwa bado nachagua.

Alikuwa na karakana ya kutengeneza pampu na mota kule mtaa wa Panda. Mafundi wake karibu wote walitoka mtaa wa Kikula kwa miguu, na aliniajiri kwa sababu walikuwa wakichelewa. Lango lilifungwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliyechelewa mara tatu kwa mwezi alifukuzwa, na mzee mmoja wa kulehemu, baba wa watoto saba, alikuwa ameshafikisha mara mbili.

"Ongea nabo," aliniambia patron, ndivyo sote tulivyomwita mwajiri. "Weye umesoma. Minye nikibauliza, banasema 'ndiyo patron' tu."

Mtu mwingine angeongea nao. Mimi nilitengeneza fomu. Ilinichukua siku nne: maswali ishirini na mawili, kwa Kifaransa, juu ya pombe, ugomvi wa nyumbani, kukosa ari, mtazamo hasi kuhusu uongozi. Swali la tisa peke yake nililiandika upya mara sita ili lisimuudhi yeyote. Mafundi waliipokea kwa mikono miwili, wakatia alama kila kisanduku, kama mgeni mwenye adabu asiyeacha kitu kwenye sahani. Nikahitimisha, kwa masikitiko ya kisomi, kwamba karakana nzima ilikuwa ya walevi wagomvi waliokata tamaa.

Asubuhi niliyopeleka ripoti, yule mzee alichelewa mara ya tatu. Patron akatuita sote wawili ofisini. Mzee alivua kofia. Patron alisoma ukurasa wa kwanza, akainua macho.

"Papa, unakunywaka?"

"Minye? Niko mutu ya kanisa, patron."

"Na hapa umeweka alama."

"Docteur huyu alijikaza sana na ile karatasi. Nikaona haya kumuachia nafasi bure."

Patron akaisukuma ripoti kando. "Basi sema kweli. Juu ya nini unachelewaka?"

Mzee aliizungusha kofia mikononi. "Shiye tunaamukaka na sirene ya kampuni, patron. Tangu niko kijana. Sasa leo inalia, kesho hailie. Siku hailie, tunalala."

Nilitamani sakafu inimeze. Mji mzima tulikua tukiamshwa na king'ora cha kampuni ya shaba. Nyumba nyingi hazikuwahi kununua saa. Sasa umeme ulikatika ovyo, na king'ora kililia kikipenda. Fundi hodari angeona aibu kwenda mwenyewe kumweleza bosi kwamba hana cha kumwamsha. Na katika maswali yangu ishirini na mawili, hakuna hata moja lililouliza: unaamka vipi?

Patron alinigeukia. "Weye pia unakaa Kikula. Haujachelewa hata siku moja. Unaamukaka na nini?"

Ningeweza kudanganya. "Silalake, patron. Kuanzia saa tisa ya usiku niko nawaza."

Walicheka wote wawili, kwa wakati mmoja. Katika miezi yangu mitatu pale, sikuwa nimemwona mwajiri na mwajiriwa wakielewana hivyo.

"Eh bien," patron alisema, akifuta macho. "Papa, hii siku siihesabu. Huyu njo atakuamusha. Ukichelewa tena, mutaenda bote mbili."

Kesho yake, saa kumi na nusu alfajiri, nilikuwa mlangoni pa mzee. Kubisha kwa nguvu kungekuwa kumvunjia heshima mtu wa rika la baba yangu; kubisha polepole kungetupotezea kazi sote. Halafu, kwa kiganja au kwa ngumi? Mkono ulikuwa bado hewani mlango ulipofunguka. Mke wake, aliyekwisha kuhadithiwa yote, alinitazama toka juu hadi chini, kisha akaita ndani:

"Baba ya batoto, amuka! Saa yako imefika. Lakini hailie, inasimama tu."

Tulivuka lango dakika kumi kabla halijafungwa. Njiani mzee alikuwa amenishauri, kwa upole, kwamba kesho nibebe jiwe, nigonge bati la mlango, nisiwaze.