Udi Jaani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyokwenda jaani nikinukia udi toka ushungini hadi viatuni. Usicheke bado. Jioni yake mama mkwe mtarajiwa alikuwa anakuja kwetu Mji wa Kale kunitazama, nami niliapa hatanikuta na harufu ya taka. Nikajifukiza nguo na nywele, nikajipaka na mafuta mazito ya halud nyuma ya masikio, nikatoka nimejiona malkia.

Jaa lilikuwa limefungwa, na kazi yetu ilikuwa kukagua kifuniko chake: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake karatasi nzito ya plastiki iliyounganishwa kwa moto, kisha udongo wa kuoteshea nyasi. Taka zikioza hutoa gesi, na gesi ikipata upenyo hutambaa mpaka penye moto ikalipuka. Kulibaki upande mmoja tu, uliopakana na ukuta wa majirani. Malori ya udongo yalikuwa yanangoja, maana masika yalikuwa karibu.

Mkubwa wangu alikuwa Bi Mwanaisha, mkali wa maneno na mwepesi wa kucheka. Kipimo cha gesi tulikuwa nacho, ila yeye alitaka pua itangulie, kipimo kifuate pale pua iliposhuku. Akanituma nipite kwenye maungio ya plastiki kando ya ukuta. Nikapita, nikamwambia kuko shwari.

Akapita nyuma yangu. Akasimama, akainama, akaweka kipimo. Kikalia.

"Mwanangu, wewe waja kukagua jaa au wenda harusini?" akaniuliza. "Hapa pavuja, nawe umepita juu yake, udi umekuziba pua. Nenda kaoge, urudi."

Nikabisha hodi nyuma ya ukuta kwa Mama Karisa, aliyekuwa akikaanga mahamri ya kuuza. Aliposikia shida yangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Bi harusi, ndoo hiyo. Maji ni ya chumvi, lakini yatakutoa udi huo."

Nilipotoka bafuni nikaliona jiko lake la makaa, limeegeshwa kwenye ukuta ule ule. Nikaogopa kwelikweli.

Nikarudi nimevaa dera la Mama Karisa, nikapita upya, polepole. Nyuma ya jiko lake, harufu ya yai viza ikanigusa, hafifu sana.

"Bi Mwanaisha! Na hapa!"

Kipimo kikalia. Mafundi wakachoma viraka, tukapima tena kote, kimya. Malori yakamwaga udongo. Bi Mwanaisha akapiga kigelegele pale pale juu ya jaa, na Mama Karisa akakiitikia toka upande wa pili bila kujua anashangilia nini.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe ameshaketi, nami ningali na dera la kuazima na harufu ya jaa. Mama yangu alinitazama akataka ardhi immeze. Mgeni akanishika mkono, akaunusa.

"Ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo, mama. Leo tumeziba gesi iliyokuwa nyuma ya jiko la mtu."

"Basi udi tutakufukiza sisi, siku ya harusi."

Nao walinifukiza, mwanangu, mpaka nikakohoa.

Sasa pale pana nyasi, na wajukuu wa Mama Karisa huchezea mpira. Nami nakwambia: jipambe, ujinukishe, watu wa Mombasa ndivyo tulivyo. Lakini kazi yako usiionee aibu, maana ukiionea aibu hutaiangalia vizuri, na nyuma ya ukuta yupo mtu anayekaanga mahamri yake akikuamini. Mwenyezi Mungu akupe kazi ya kujivunia, akuhifadhi wewe na majirani zako, na akujaalie mkwe kama wangu.