Ng'ombe Niliyemsifu Ukweni

Mpaka leo nikipita Gikondo najificha uso, na nyie mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata mama yangu mzazi alicheka, tena palepale ukumbini, mbele ya wakwe.

Kaka yangu Hamisi alikuwa anaposa, na hapa Kigali, hata kwetu Waislamu wa Nyamirambo, posa haijakamilika mpaka mtu wa upande wa bwana harusi asimame na fimbo amsifu ng'ombe wa mahari kwa shairi. (Ng'ombe mwenyewe siku hizi haletwi ukumbini, yuko kijijini huko, wakwe wanamjua kwa maneno tu.) Kazi hiyo nikapewa mimi, fundi cherehani ninayejiita mshairi.

"Mdogo wangu," Hamisi akaniambia, "wakimkataa ng'ombe wamenikataa mimi. Kariri yale yale ya kila siku, usijitie ufundi."

Nikajitia ufundi. Nikajiambia shairi la kweli halikaririwi, linatafutwa, na siku moja napeleka ovaroli kwenye gereji ya Gikondo nikasikia ng'ombe analia nyuma ya ukuta, nikapanda juu ya tairi nikachungulia. Jamani, ng'ombe mwekundu, sikio limechanika, pembe moja imepinda, na mama mmoja amechuchumaa anamkamua huku anamwimbia, na huo wimbo ulikuwa umepotea njia kabisa, lakini ng'ombe katulia, anafumba macho kwa raha. Moyo wangu ukalainika kweli. Usiku huo nikaandika yote, sikio, pembe, hadi yule mama.

Siku ikafika, nikasimama na fimbo. Sikio, makofi, pembe, vigelegele, kichwa kikanivimba, nikaingia ubeti wa yule mama, kwamba ng'ombe wetu ana subira hata akiimbiwa kwa sauti ya chura bado anatoa maziwa. Ukumbi mzima ukacheka isipokuwa mtu mmoja upande wa wakwe. Akainuka taratibu, nami nikamtambua kabla hajasema kitu, maana sura ile nilishaiona kutoka juu ya tairi.

Alikuwa shangazi wa bibi harusi.

"Huyo ng'ombe iko yangu," akasema. "Na chura ni mimi."

Yaani tumekuja kuwaposa kwa ng'ombe wao wenyewe. Msemaji wao akauliza kama ukoo wetu umekuja kuoa au kuiba, baba mdogo akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka, na Hamisi wala hakuniangalia, alikuwa anatazama mlango ambao mchumba wake angetokea, jasho linamtiririka. Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini, nikatamani ardhi inimeze.

Shangazi akatuacha tuchemke kwanza. Kisha akasema, "Binti tutawapa, yeye hana kosa. Ila huyu msifu atakuja kumkatia majani ng'ombe wangu Bihogo kila asubuhi, mpaka siku ya harusi."

"Atakuja," Hamisi akajibu kabla sijafungua mdomo, na ndipo mama yangu akacheka.

Basi nimekula yamini, wallahi, sitasifu tena kitu bila kuuliza kwanza mwenyewe ni nani. Mikono imejaa mikwaruzo ya matete, cherehani imelala. Na juzi shangazi ameomba harusi iahirishwe kidogo, anasema hakuna haraka.