Flashi ya Msiba wa Baba Ilibeba Virusi, Akahukumiwa Mdogo Wangu

Flashi inaweza kuingiza virusi kwenye kompyuta, hata kama imebeba video ya maziko ya baba yako mzazi. Nalitamka hili mwanzoni ili anayetaka kubishana ajue tunabishania nini. Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina. Hoja yangu usiifiche.

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa chuo kikuu, naishi Mbagala na mama yangu mjane. Asili yetu ni Njombe. Sikusomea kompyuta, nilisomea sayansi ya siasa, na ndugu zangu hawachoki kunikumbusha. Lakini mimi ni msomaji, na vitabu havimuulizi mtu alisoma kitivo gani.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alipougua, nilimrekodi akiimba, akisimulia alivyokutana na mama, akimtania kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitamka. Baada ya kifo chake, sauti hizo zilibaki kwenye kompyuta ya sebuleni. Kila mchana mama aliketi hapo na ungo wake, akichagua mchele huku akimsikiliza mumewe. Najua mtauliza habari za nakala: simu niliyorekodia iliporwa. Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kwetu, video ya msiba haikai kwa mtu mmoja. Mpiga picha hutoa flashi, nayo huzunguka nyumba kwa nyumba, kila tawi la ukoo likitazama na kunakili. Nyumba isiyoipokea huonekana imemkataa marehemu. Yetu ilikwishapita kwa mashemeji, maofisini na kwenye maduka ya kuchapisha picha, ndipo Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, alipotuletea kutoka kwake Tabata. TV yetu ni ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, haina pa kuchomeka flashi. Ikabidi itumike kompyuta.

"Shikamoo Baba Mdogo. Naomba niikague kwanza nikirudi kazini," nilimwambia. "Imepita kwenye kompyuta nyingi, isije ikawa na virusi."

Alicheka, akamgeukia mama. "Shemeji, umemsikia msomi wako? Flashi nimeiangalia kwenye TV yangu wiki nzima, TV haijapiga hata chafya! Digrii yako si ya siasa wewe? Kakague wabunge."

Kosa lilikuwa hapo hapo. Virusi ni programu iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta. TV husoma video na kuipita programu hiyo bila kuielewa, kama mtu apitavyo bango lililoandikwa kwa lugha asiyoijua. Uzima wa TV si ushahidi wa usalama wa flashi. Nilimweleza hayo kwa heshima. Akanijibu, "Kwa hiyo unataka kumsachi baba yako kama abiria wa ndege?" Mama akainamisha uso. Nikaenda kazini.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mdogo wangu wa kike, nimwite Tumaini. Alipoamriwa kuchomeka flashi, onyo jekundu lilitokea kwenye kioo.

"Baba Mdogo, inakataa. Inasema kuna hatari."

"Bonyeza ruhusu, mtoto wewe! Unazuia maziko ya kaka yangu?"

Akabonyeza. Kisha akafungua kitu chenye sura ya folda na jina la baba. Hakikuwa folda, vilikuwa virusi vyenyewe.

Niliporudi, kila faili, hata zile sauti za baba, lilikuwa limegeuka njia ya mkato (shortcut) isiyofunguka. Nilimpigia Baba Mdogo: virusi vya namna hii mara nyingi huficha mafaili, havifuti, msiiguse kompyuta, Jumapili baada ya ibada nitamleta rafiki yangu anayejua kazi hiyo ayatoe. Jumamosi nikiwa kazini, akaichukua na kuipeleka kwa fundi ipigwe window. Mjini hapa ndiyo dawa ya kila ugonjwa: kila kitu hufutwa, kompyuta huanza upya.

Alirudi amechangamka. "Nyepesi kama mpya, Shemeji!"

Mama akaketi na ungo wake. Akabonyeza pale alipozoea. Akabonyeza tena. Hapakuwa na kitu.

Kwenye kikao cha ukoo Baba Mdogo alieleza kwamba fundi aliikuta kompyuta tayari tupu, kwa kuwa Tumaini "alibonyezabonyeza ovyo." Nilisimama kupinga, shangazi akanivuta shati. "Kaa chini. Huyo ndiye baba yako sasa."

Nilimfuata fundi mwenyewe. "Braza, mie sikuangalia kama kuna kitu," alisema. "Mzee kasema piga window, nikapiga."

Nilimpelekea mama maneno hayo. Alisema, "Ukimwaibisha mdogo wake baba yako, na wewe uondoke." Kwa maana Tumaini alishaondoka. Mama hajamsemesha tangu siku ile, na binti amehamia Kawe kwa mama mkubwa. Nilipomtembelea, aliniuliza, "Kaka, eti mie ndo nimemuua baba mara ya pili?"

Nishaurini. Nikimleta fundi mbele ya kikao, namvua nguo mtu aliyesimama mahali pa baba, na huenda nikampoteza mama. Nikinyamaza, binti wa miaka kumi na tisa atazeeka na kosa lisilo lake. Anayetaka kuniambia kwamba flashi haina madhara, aje na hoja, kejeli nimezishiba.

Na wewe Baba Mdogo, utasoma haya, kwa maana ndiwe unayemsomeaga mama visa vya ukurasa huu. Jibu hapa hapa, mbele ya watu wote: nani alisema "bonyeza ruhusu," na nani alisema "piga window"? Ukishajibu, msomee mama na hiki. Usiruke mstari.