Kadi za Baba Lydia

Watu wa Chang'ombe, hii yetu ya bara, si ile ya Dar, walimjua Nikodemo Chilongani kwa baiskeli yake na ndoo ya udongo mwekundu nyuma. Wengine walidhani anafinyanga vyungu. Kumbe mzee ni mkemia, kasomea Ulaya miaka sita, yuko maabara moja ya serikali hapa mjini. Mke alishafariki, binti yake Lydia kaolewa Singida, chumbani kwake kumebaki vitabu na udongo.

Siku moja nikamuuliza, udongo wote huo wa nini? Akanieleza taratibu. Anauchoma, anauchanganya na dawa, unakuwa kichocheo. Ukiutia kwenye mafuta ya nyonyo yanageuka mafuta ya kuendesha mashine, na wenyewe hauliki, unabaki vilevile.

"Kama mshenga," nikamwambia. "Anaozesha watu, mwenyewe anarudi kwao mikono mitupu."

Alicheka mpaka akashikilia baiskeli. "Khairat, hiyo nitaiandika!"

Makala aliandika tano, zikatoka kwenye majarida ya nje. Ukiandika huko lazima uweke anwani, na sanduku la posta la ofisi lilikuwa limefungwa, halijalipiwa. Akaomba atumie la baba yangu, Mzee Halfani. Nusu ya mtaa tulikuwa tunapokelea barua humo. Baba alipofariki, ufunguo nikabaki nao mimi, pamoja na genge lake la mboga.

Kila Jumamosi mzee anapita. "Kuna barua yangu?"

"Hakuna, baba Lydia."

Yenye bahasha nilimpa. Haki ya Mungu sikumnyima hata moja. Ila kulikuwa na vikadi vigumu, Kizungu kitupu, vyote vimechapwa maneno yaleyale, jina lake tu limejazwa kwa kalamu. Miaka ile biashara ilishafunguliwa, sanduku lilikuwa linajaa matangazo ya kila takataka. Barua bila bahasha mimi sikuihesabu barua. Nikachukua makapeni, nikaandika bei juu yake: Nyanya fungu 50. Nikachomeka gengeni. Miaka miwili mzee ananunua hapo bila kujua, maana vya karibu havioni bila miwani, na miwani ilikuwa inalala ofisini.

Mwaka tisini na nne ofisi zikaambiwa zipunguze watu. Mkubwa wake akamwambia, "Lete ushahidi kwamba kuna mtu duniani anausoma huo utafiti wako. Hata mmoja. Mwisho Ijumaa."

Wiki ile alikuja kila siku. Alhamisi nikamkaripia, wateja wamejaa: "Hakuna barua, baba Lydia! Nikufiche ili nile?"

Ijumaa ikapita. Jumatatu saa nne asubuhi namwona anakuja kwa miguu, saa ya kazi, kabeba mfuko wa vitu vya mezani kwake. Miwani usoni.

"Wamenitoa," akasema. "Nipe vitunguu fungu moja." Akainama asome bei. Hakuinuka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Si matangazo hayo? Yanakuja tu."

Akaichomoa. "Mpendwa Daktari Chilongani, tafadhali nitumie nakala ya makala yako." Akaigeuza. "Huyu yuko Polandi." Akachomoa ya nyanya. India. Ya bamia, Brazili. Akazunguka genge zima, anasoma, anahesabu. Kumi na tisa.

Nilitaka anitukane. Mimi mtu angenifanyia hivyo ningemvunjia genge. Yeye akasema, "Nilikuwa naulizia barua. Ningeulizia kadi ungenipa. Kosa langu."

Afadhali angenipiga kofi. Nikamnyang'anya zile kadi, nikakimbia nazo mpaka ofisini kwao. Karani hata hakuzishika.

"Dada, orodha imeshakwenda Dar."

"Iiteni irudi!"

"Kwani mbuzi hiyo?"

Nikampindulia chai. Mlinzi akanitoa nje kwa mkono. Kadi nyingine zililowa, nikazianika gengeni, nikamrudishia zote.

Mzee akarudi kwao Mvumi. Mwaka uliofuata ikaja bahasha nene ya Polandi, nikampelekea mwenyewe. Nikamkuta chini ya mlima anaponda kokoto, kakonda.

"Shikamoo, baba Lydia."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua lote hili?"

Akafungua. Ilikuwa makala ya yule Mpolandi, na mwishoni ana orodha ya watu aliowasoma. Mzee akashusha kidole chenye vumbi, polepole.

"Namba kumi na nne," akasema. "Chilongani. Ni mimi."

Akaisoma tena. Kisha akatoa mfukoni mwa shati ile kadi ya Polandi, wino umesambaa kwa chai, akaiweka ndani ya makala. Bei yangu ya vitunguu ilikuwa bado inaonekana.

"Vitunguu bado hamsini?"

"Sasa mia, baba."

"Vimepanda."

Akaipangusa bahasha, akaiweka mbali na vumbi, akashika nyundo.